Senene Wasiouzwa

Mtu wa Dar es Salaam akila senene wangu hajui kwamba wametoka kwenye chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na kabati ambalo mlango wake haufungi. Yeye ameona picha. Kopo limesimama juu ya jani la mgomba, jua limelipiga ubavuni, na chini yake pameandikwa kwamba hii ni ladha ya nyumbani. Picha ile aliipiga binamu yangu na maneno yale ni yake. Mimi nilitaka aandike "Senene, wamekaangwa, hawana mchanga." Akacheka. Akasema watu walioko mbali hawanunui mchanga ambao haupo, wananunua nyumbani.

Nikamwambia, "Basi nyumbani kwetu kumeuzwa zamani, wala hakukuwekwa kwenye kopo."

Alikohoa, akaendelea kupiga picha. Alijua nasema nini. Binamu huyu ni mtoto wa baba mdogo, na baba mdogo nitamfikia.

Nimezaliwa Kishanda, Muleba. Kwetu zamani mwanamke ndiye aliyeokota senene na mwanamume ndiye aliyekula. Sisemi ilikuwa haki, nasema ilikuwa hivyo. Msimu ukifika, mama alituamsha asubuhi tupande rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako migomba inakomea. Umande ulikuwa bado, na senene aliyelowa mabawa haruki, anakungoja. Tuliokota tukiwa tumeinama mpaka migongo ikakataa kunyooka. Nyumbani tuliwanyonyoa mabawa na miguu, mama akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi tu, hakuna kitunguu, moto mdogo. Waliotangulia kuiva aliwaweka kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, akampelekea baba kwa magoti. Baba akala, akanyamaza kama mtu asiyeona ajabu yoyote. Siku ya mnada akarudi na kitenge. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani, na mwanamke aliyeokota senene akakosa kitenge alikuwa na la kusema mbele ya wakwe. Sisi wasichana tulilamba vidole nyuma ya nyumba.

Halafu ukaja ule ugonjwa ambao huku kwetu ulipita mlango kwa mlango kama mtu anayesalimia. Baba alikwenda wa kwanza. Msimu wa mwaka ule mama alikaanga kama kawaida, akawajaza kikapuni, akasimama nacho katikati ya nyumba, hajui ampe nani. Akatutazama wote. Kisha akapiga magoti mbele ya mdogo wangu wa kiume, ambaye hata meno ya mbele alikuwa hana, yametoka na mengine hayajaota. Mtoto akala kwa upande wa mdomo. Alipomaliza akatoka nje, akarudi na jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejiviringa, akalikunjua na kumfunga mama kiunoni.

"Kitenge chako, mawe," akamwambia, ndivyo kwetu tunavyomwita mama.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumsikia akicheka kwa sauti.

Baadaye na yeye akaenda, na wakubwa zangu wakaenda, na nyumba ile tukabaki mimi na mdogo wangu. Mimi niliacha shule darasa la tano. Kuandika najua, kusoma najua, hesabu ya kujumlisha na kutoa najua. Kinachozidi hapo nimefundishwa na watu walioniibia.

Wa kwanza wao ni baba mdogo. Nitamtaja hivyo kwa sababu kila mtu wa Kishanda anamfahamu. Alikuja na wazee wa ukoo, wakakaa, wakanywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakasema mtoto wa kiume bado mdogo na kibanja, lile shamba la migomba la baba, kitatunzwa na mtu mzima mpaka akue. Kikatunzwa. Mpaka leo kinatunzwa. Mdogo wangu alipoota ndevu alikwenda kukidai kwa maneno mazuri, akarudi shati limechanika begani. Wiki ileile alipanda lori la ndizi, akaenda Dar es Salaam. Akapata kazi, akapata mke, akapata watoto ambao nimewaona kwenye simu tu. Kila nilipomuuliza atakuja lini alinijibu neno moja.

"Nikija nitafikia wapi, dada?"

"Utafikia kwangu Bukoba."

"Kwako ni kwako. Mimi naulizia kwetu."

Lakini hakukosa kuuliza msimu ukianza kama nimemwekea fungu lake. Nilimwekea. Sikumtumia. Kwetu senene wa mwenye nyumba hawatumwi kama barua, mtu anakuja anakaa anapewa. Niliwaweka kabatini mpaka msimu ukapita, na alipokosa kuja niliwala na jirani yangu, mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri ambaye tunakaanga pamoja. Tuliwala kwa hasira. Yeye alikuwa akisema, "Waitu, mwakani achelewe tena, mimi nanenepa."

Biashara niliianzia stendi ya mabasi, na ndoo na karatasi. Msafiri ananyoosha mkono dirishani, namfungia, basi linaondoka. Hapo kuhesabu mzigo hakukuwa kazi. Ndoo ikiwa nyepesi unajua umeuza, ikiwa tupu unakwenda nyumbani.

Binamu alinikuta pale. Amesoma, anafanya kazi kwenye ofisi moja mjini yenye kompyuta, na alianza kuja kwangu kama mtu anayetaka kusamehewa bila kuomba. Akanunua siku moja, akanunua siku ya pili, siku ya tatu akaniambia, "Dada, wewe unauza kwa dirisha la basi wakati kuna watu nchi nzima wanalia kwa hamu."

Ndipo akafungua vile anavyoviita njia za mauzo. Ya kwanza ilikuwa makundi ya simu, yale ya watu wa Kagera walioko Mwanza, Dodoma, Arusha, ambamo mtu anaandika "naomba mawili" na mwingine anaandika "pole na msiba" chini yake. Ya pili ni ukurasa wa picha. Ya tatu ni soko moja la mtandaoni la Dar ambalo lina kila kitu, viatu, friji, na sasa senene. Jina la duka alichagua yeye, na halikuwa jina langu.

Mwanzoni nilifurahi, nisiseme uongo. Simu ililia mpaka jirani akaniuliza kama nimeolewa. Lakini nilikuwa na chungu kimoja na midomo mitatu. Kopo lililoko mezani lilionekana kwenye makundi, likaonekana kwenye picha, likaonekana sokoni, na kila aliyeliona aliamini ni la kwake. Nikabuni utaratibu wangu. Kopo la mtu wa makundi nililifunga kamba ya mgomba, la mtu wa picha nililifunga uzi mwekundu, la soko niliacha hivyohivyo. Utaratibu huo ulifanya kazi mpaka binamu alipoanza kufunga na kufungua na yeye.

"Dada, hili umefunga la nani?"

"La yule mama wa Mwanza."

"Mama wa Mwanza nilishampelekea jana, lile lililokuwa dirishani."

"La dirishani lilikuwa la mwalimu wa Dodoma."

"Sasa hili ni la nani?"

"La mwalimu, basi."

"Mwalimu ameshaambiwa wamekwisha. Ametutukana."

Na senene si sabuni. Sabuni ikiisha unaagiza katoni. Senene wakiisha wameisha, unangoja mpaka Mungu awamwage tena, na hata wale vijana wanaowatega usiku kwa taa kubwa na mabati na mapipa hawawezi kumlazimisha. Mtu ameahidiwa, pesa imeingia, na kopo halipo. Unamwambia nini? Mwalimu wa Dodoma alitupa nyota moja. Binamu alikuja amekunja uso kama amefiwa. Nilimwambia nyota moja si mbaya, hata iliyowaongoza mamajusi ilikuwa moja. Hakucheka. Akanieleza kwamba nyota zinatakiwa tano na kwamba mtu mwenye moja hafunguliwi mlango na mtu yeyote.

Makopo nayanunua kwa mzee mmoja Mhindi, duka lake liko mjini tangu baba yake, sasa rafu nyingi ni tupu na watoto wake wako ng'ambo. Siku ile nikamsimulia mkasa wa mwalimu huku ananihesabia mifuniko.

Akasema, "Mama, zamani mtu akiuza kitu kimoja mara tatu tuliita polisi."

"Na sasa?"

"Sasa mnaita mtandao."

Nilicheka njia nzima, lakini nilipofika nyumbani nilikuta makundi yanadai.

Msimu wa mwaka jana binamu akaleta dawa. Ni mfumo, akasema. Makopo yote yanahesabiwa, yanaingizwa namba moja, na namba hiyo inasomwa na njia zote tatu. Likiuzwa moja kwenye picha, linapungua kwenye makundi na sokoni hapohapo. Nikamwambia hicho ndicho nilichokuwa nafanya na kamba ya mgomba. Akasema kamba ya mgomba haifiki Dar. Hapo alinishinda.

Akaja jioni moja baada ya kazi kuhesabu. Alihesabu ya mezani, ya chini ya kitanda, ya kwenye boksi la televisheni ambayo sikuwahi kuwa nayo. Akasimama mbele ya kabati.

"Na haya?"

"Hayo hayahesabiwi."

"Kila kilichomo ndani kinahesabiwa, dada. Ndiyo maana ya hesabu."

"Basi nihesabu na mimi."

"Wewe hununuliwi."

"Na hao hawanunuliwi. Ni wa ndugu yako."

Akaifuta simu yake kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Anakuja?"

"Amesema Krismasi."

"Kibanja amekitaja?"

"Ametaja senene."

Ilikuwa kweli. Mdogo wangu alikuwa amepiga siku chache kabla. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa kama ya baba, nzito, inakuja kutoka tumboni. Alisema safari hii anakuja, na mke, na watoto. Alisema hajali tena atafikia wapi, hata sakafuni kwangu atalala, anataka watoto waone kaburi la bibi yao na anataka kula senene akiwa amekaa, siyo kusikia habari zao. "Umeniwekea?" akauliza. Nikamwambia nimekuwekea kila mwaka, mjinga wewe. Akasema, "Najua, dada. Ndiyo maana naona aibu."

Niliponunua godoro jirani yangu alilikalia kwanza kulijaribu. Alisema ni gumu, linafaa watu wa Dar, wamezoea vitu vigumu. Nilishona mapazia. Nilimwambia kila mtu, hata kondakta wa stendi, kwamba mdogo wangu anakuja. Unajua mtu akiwa na njaa ya siku nyingi halafu akanusa chakula kinaiva kwa jirani? Nilikuwa hivyo. Nilikuwa nakaanga senene wa watu na akili yangu iko kwenye basi ambalo bado halijaondoka.

Makaburi yetu yako ndani ya kibanja. Ilinibidi niende Kishanda kuyapalilia kabla wageni hawajafika, na huwezi kuingia kupalilia bila kumwona anayekitunza. Baba mdogo sasa ni mzee. Alikuwa amekaa mlangoni, anatafuna kahawa kavu upande ambao bado una meno. Nilimsalimia kwa magoti kama inavyotakiwa, kwa sababu nilifunzwa na mama, si kwa sababu yake.

"Anakuja kweli?" akaniuliza.

"Anakuja na watoto, tata."

"Kuna wa kiume?"

"Mmoja."

Akatafuna. "Mwambie kibanja kipo. Sijakila."

"Ndizi zake umekula."

"Ndizi huliwa, mwanangu. Zisipoliwa zinaoza."

Nilichukua jembe nikaenda nyuma. Nilipalilia kaburi la mama na la baba na ya wengine, nikalala kwa rafiki yangu wa utotoni, nikarudi kesho yake kumalizia. Simu kule inashika ukipanda juu, na mimi sikuwa na sababu ya kupanda juu. Kila nilichokuwa nakihitaji kilikuwa njiani kinakuja, nilivyojua mimi.

Niliporudi Bukoba, mlango wa kabati ulikuwa wazi kama kawaida yake, lakini ndani palikuwa peupe. Nilisimama hapo na mfuko mgongoni. Ufunguo wa chumba nilikuwa nimemwachia binamu ili apokee na kutuma mizigo. Nikampigia, akaja akiwa na tai ya ofisini.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda kwa mwenyewe, dada."

"Mwenyewe nani?"

"Si mdogo wako? Shemeji, mkewe, aliagiza kwenye lile soko la Dar. Sisi huku tulikuwa tumefika sifuri, ila soko lile huchelewa kushusha namba, likapokea oda. Nilitaka kuirudisha. Kisha nikaona jina, nikaona simu, nikajua ni nyumbani kwake. Nikasema, ya nini kumwambia mtu wamekwisha na fungu lake liko kabatini? Nikampa wakala wa basi."

"Na pesa?"

"Pesa inachukuliwa na mfumo. Mimi sishiki."

"Mfumo una mikono?"

"Dada, usikasirike. Si wa kwake? Wamemfikia."

Nilikaa kwenye lile godoro jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni. Nilimuuliza wifi aliandika nini. Akafungua simu akanisomea. Ameandika anaomba wafike kabla ya Krismasi.

Binamu alisoma maneno yale kama mtu anayesoma anwani. Mimi nisiye na shule niliyaelewa kabla hajamaliza. Mtu ambaye Krismasi atakuwa Bukoba haagizi senene wafike Dar kabla ya Krismasi.

Mdogo wangu alipiga Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililoniumiza, hakuwa na hatia yoyote kwenye sauti.

"Dada, nimekula. Mke wangu aliona picha kwenye simu, akaagiza kimyakimya anishtue. Kufungua kopo, nikasema hawa si wa kununua, hawa wamekaangwa na mtu wa kwetu. Chumvi tu, hakuna kitunguu. Ndipo naambiwa duka ni lako. Kwa nini hukuniambia una duka?"

"Watoto wamekula?"

"Mkubwa amekula. Mdogo ameogopa macho."

"Na safari?"

Akavuta pumzi. Akaniambia nauli za Desemba, akaniambia ada za Januari, akaniambia ruhusa ya kazini. Yote ni kweli, sisemi alidanganya. Halafu akasema, "Lakini hamu imetulia, dada. Nilikuwa nahangaika sana, sasa imetulia. Mwakani, Mungu akipenda."

Nikasema sawa. Hamu yake ilikuwa imetulia. Ilikuwa imefungwa kwenye kopo, ikapanda basi, ikafika, ikatulizwa, na mimi ndiye niliyeikaanga.

Krismasi jirani yangu alileta matoke na nyama, tukala wawili. Kwaya yao ilikuwa imeimba mpaka sauti imemkauka. Alilitazama lile godoro limeegemezwa ukutani, akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Angalau lingetolewa nailoni." Tukalitoa nailoni.

Watu wananiambia nisitafute mchawi. Mimi simtafuti, nawajua. Baba mdogo alimfukuza ndugu yangu kwa kumchania shati, na binamu akamzuia kwa kumtumia kifurushi. Nilimwambia hivyo usoni. Nilimwambia, ulijua akija atasimama kwenye kibanja na mtoto wake wa kiume, na baba yako angekosa pa kutazama. Ulikuwa na njia mbili, kumwambia shemeji yako wamekwisha, au kumpelekea. Ukachagua ile ya kumkalisha Dar.

Alivua tai. Macho yake yalijaa. "Dada, mimi nilidhani nimemfurahisha mtu."

Labda alidhani. Lakini nimeishi na watu wa nyumba ile tangu utoto, nafasi ya labda imejaa.

Wifi sijawahi kumwona, na yeye namtaja. Mke anayemshtua mume kwa kumletea kwao mezani ili asiende kwao, huyo na yeye ana lake. Jirani yangu anasema hapo ninamwonea. Sawa, ninamwonea.

Na lile soko la mtandaoni. Hilo halina sura ya kutazama ukalilaumu, kwa hiyo ni gumu kuliko wote. Kabla yake, mtu wa Kagera aliyetaka senene alikuwa na mambo mawili tu, aje au amtume anayekuja. Alipokuja aliwasalimia walio hai, akatazama makaburi, akagombana na ndugu, akala. Senene walikuwa kamba. Sasa nimeikata vipande, nimeitia kwenye makopo, naituma kila mkoa, na watu wananiandikia asante, umetufikisha nyumbani. Wamefika wapi? Wamekaa palepale kwenye makochi yao. Ninachouza ni ruhusa ya kutokuja, na biashara ni nzuri, namba inashuka kila siku.

Sikuacha. Nitakula nini? Binamu naye sikumfukuza, kwa sababu mfumo uko kwenye kichwa chake, na kwa sababu katika watu wa damu yangu walioko Bukoba ni yeye peke yake anayebisha hodi. Ila ufunguo nilichukua.

Msimu huu Mungu amemwaga. Tangu mvua zianze, asubuhi ukitoka nje unawakuta hata kwenye kamba za nguo. Nimenunua ndoo na ndoo, tumekaanga na jirani mpaka nywele zetu zinanukia. Binamu amekuja kuhesabu, safari hii akalipita kabati bila kuuliza. Njia zote tatu zinasoma namba moja, na lile soko la Dar sasa linashusha kwa wakati, anasema wamerekebisha. Nyota zimefika nne na nusu. Kabati limejaa.

Juzi ujumbe wa wifi uliingia, ukapitia kwenye makundi. Salamu nyingi za mapenzi, na baada yake anaomba makopo, mume wake ameanza tena kuwaulizia. Niliusoma mara nyingi. Ameanza tena kuwaulizia. Maana yake hamu imeamka.

Nilimwita binamu.

"Inawezekana mtu mmoja akiangalia aone wamekwisha, na wengine wote waone wapo?"

"Kuifungia namba yake ya simu? Inawezekana." Akanitazama. "Ila dada, wapo tele. Huyo ni mteja mzuri, analipa kabla."

"Huyo si mteja. Hapo ndipo mlipokosea tangu mwanzo."

Akaifungia kwenye soko, akaifungia kwenye picha. Nilimsimamia nyuma nikamwona anafanya. Yale makundi hayafungiki, akasema, huko itabidi nijibu mwenyewe. Nikamwambia huko ndiko ninakotaka.

Nikamwandikia wifi kwamba oda yake haitawezekana. Alikuwa hewani, akajibu palepale.

"Wamekwisha, wifi? Mbona nasikia mwaka huu ni wengi?"

"Ni wengi. Fungu la mumeo liko kabatini."

"Basi tutumie hilo."

"Hilo halitumwi."

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Nadhani alikuwa anamsomea mumewe, kwa sababu maneno yaliyokuja hayakuwa ya kwake, yalikuwa ya kwetu.

"Dada, tukija tutafikia wapi?"

Nilikuwa nimesimama dirishani, mikono ina mafuta, nikaandika kwa kidole kimoja.

"Kwa baba mdogo, Kishanda. Nitakaa na wewe mlangoni kwake na kikapu mpaka atupishe. Njooni."

Bado hajajibu. Alama zinaonyesha amesoma.